Tupeane uzoefu: ulianzaje kumuongelesha mtu usiyemjua ili umuuzie? (Kigoma na Tabora)

BintiBangwe:
Habarini wakuu. Leo kuna binti kanifuata soko la Mwanga nachagua migebuka, hata shikamoo ya yule mama muuzaji hajaitoa kaja moja kwa moja kwangu, "dada ungependa kuongeza kipato?" na kikaratasi mkononi kinatetemeka. Mama wa samaki akamkata jicho, binti kaondoka zake. Nimeumia jamani, ile hali naijua. Unatoka semina ya hizi kampuni za kuuza na kuingiza watu, umejazwa moto, umeambiwa ukiogopa watu utakufa maskini, halafu unaingia sokoni peke yako hujui unaanzia wapi. Mi nauza sabuni na mafuta ya ngozi mkono kwa mkono na ndo inasomesha wanangu kwa hiyo siidharau hii kazi hata kidogo. Wa vipodozi, wa virutubisho, wa vyombo, wa mashuka ya kukopesha, karibuni wote. Mlianzaje? Nataka ya Kigoma na Tabora, mbinu za Kariakoo huku hazishiki, huku salamu kama haijaisha hujaanza kuongea.

Kibirizi_Boy:
Nakaa mbele kabisa.

MjukuuWaCheyo:
Niko Tabora. Sisi tuliambiwa andika majina 100, ndugu, majirani, uliosoma nao. Sasa yale majina yanaisha haraka mno, ukishamaliza mashangazi na wanakwaya umebaki na watu usiowajua, hapo ndo wanakuletea ile kanuni ya futi tatu, kwamba yeyote aliyesimama ndani ya futi tatu kutoka ulipo ni mteja wako, umuongeleshe. Nilijaribu stendi nikaona watu wanahama benchi. Kilichonifungua ni mama mmoja wa Isevya anauza asali, nilienda kununua kweli sio kutega mtu, nikamwamkia mwangaluka mama, nikamuuliza hii ni ya nyuki wakubwa au wale wadogo wasiouma, basi mama akaanza, ya nyuki wadogo nyepesi inataka chupa hii, hii nyeusi imetoka Sikonge, ile pale wamechanganya usinunue, yani nimesimama pale mpaka jua limehama. Mwisho ndo akauliza mwenyewe, "na wewe baba unashughulika na nini?" Nikamwambia nauza vyombo vya plastiki vya kuhifadhia. Akasema lete nione kama asali haivuji. Mpaka leo ni mteja wangu na ameniletea wenzie. Ninachosema ni kwamba uwe na shida ya kweli na yule mtu kwanza, halafu subiri akuulize.

CoachWaFursa:
Mkuu kusubiri kuulizwa ni kujichelewesha. Kuna mfumo unafundishwa dunia nzima, unauliza FAMILIA, halafu KAZI, halafu STAREHE zake, mwisho unaweka UJUMBE. Maongezi ya dakika tano unaondoka na namba ya simu. Biashara hii ni namba, ukiongea na wengi wachache watakubali.

MhaOrijino:
Coach hayo maswali kaulize huko huko. Hapa tuko mpakani, mtu nisiyemjua akiniuliza nina watoto wangapi, nafanya kazi wapi, nimezaliwa wapi, naanza kujipapasa mfukoni kama kitambulisho cha NIDA ninacho. Nani anajibu hayo kwa mtu asiyemjua??

CoachWaFursa:
Kwani wewe unauza nini ndugu?

MhaOrijino:
Dagaa. Na wateja wangu nawajua kwa majina na majina ya watoto wao, ila nimeyajua taratibu.

CoachWaFursa:
Dagaa zinajiuza zenyewe. Tunaongelea bidhaa ambayo mtu hajui kama anaihitaji.

Kibirizi_Boy:
Zinajiuza???? Njoo Kibirizi asubuhi kipindi cha giza, mwezi haupo, mitumbwi yote imerudi imejaa, dagaa zimeanikwa mpaka zimekosa pa kuanikwa, bei imelala, halafu simama uone kama zinajiuza. Pale ndo utajua nani ana mdomo.

BintiBangwe:
Jamani msigombane, turudi kwenye mada.

DadaWaReli:
Naomba niandike hata kama ni ndefu maana hii mada imenirudisha mbali. Nilikuwa natoka Tabora nakuja Kigoma na treni, daraja la tatu, nina boksi la unga wa lishe wa kampuni, ule wa pakiti ndogo unakoroga kwenye maji. Tuliambiwa safari ndo pazuri, mtu hana pa kwenda. Behewa limejaa, mbele yangu bibi mmoja wa Kazuramimba, pembeni mama ana mtoto mchanga, na mzee wa kanzu anaenda Ujiji. Toka Tabora mpaka Urambo tumeongea vizuri mno, bibi nimembebea ndoo yake ya asali nikaisukumia chini ya siti, mtoto nimempakata mama yake akale. Yule mama akaniambia anajisikia hana nguvu kabisa tangu ajifungue, nikamwambia mimi ninao unga nautumia mwenyewe, nikakoroga kwenye kikombe changu nikamnyooshea aonje.

Sasa kuna kijana amekaa nyuma yetu, hatujaongea naye hata neno. Akasimama akapaza sauti, "MAMA USINYWE HICHO, HAWA NDO WANAWAWEKEA WATU DAWA!"

Nyie mnaosafiri mnajua, kila familia ina mtu aliyepewa biskuti au soda safarini akaamka hana simu hana begi. Behewa zima likasimama. Boksi likavutwa, pakiti zikamwagika watu wanakanyaga, unga umejaa sakafuni, kuna mwanaume kanishika mkono hapa juu kucha zimeingia kwenye nyama, mwingine anasema afungwe kamba, mwingine anasema begi lake lifunguliwe. Nalia naongea hakuna anayesikia. Lakini kilichoniuma kuliko zile kucha ni yule mama, tumetoka kucheka naye sasa hivi, alivyomfunika mtoto na kanga akamgeuzia ukutani nisimuone. Mtoto niliyekuwa nimempakata.

Askari wa treni akaja, akasikiliza, akachukua kile kikombe akaniambia kunywa. Nikanywa chote. Akasema kaa hapa, akasimama ananitazama usoni mpaka tumefika Kaliua, wa Mpanda wanashuka na mizigo yao kila anayepita ananiangalia. Ndo yule bibi akafungua mdomo, alikuwa kimya muda wote, akasema "askari, huyu mtoto nimepanda naye Tabora, ndoo yangu ya asali kaibeba yeye, angekuwa mwizi si angeanza na asali?" Watu wakacheka, ikapoa hivo. Nikaachiwa. Pakiti zilizopasuka hakuna aliyelipa, yule kijana kashuka Nguruka hata pole hajasema. Siku hizi treni nasalimia watu, tunapiga stori, siuzi. Na kokote niliko sikorogi kitu nikampa mtu asiyenijua, natoa pakiti imefungwa anaenda nayo kwake akasome, akauliza watu wake.

Kibirizi_Boy:
Pole sana dada. Ila "angeanza na asali", bibi huyo angekuwa wakili.

MamaGungu:
Nimetokwa na machozi hapo kwenye kanga. Pole mwaya.

Msafiri_Kasulu:
Mbona hii stori kama niliisikia ilikuwa kwenye basi la Kasulu?

DadaWaReli:
Ndugu yangu mimi naongelea mkono wangu, alama ninayo. Ya basi la Kasulu mtafute wa basi la Kasulu.

Msafiri_Kasulu:
Basi yaishe, nimeuliza tu.

Mlinzi_wa_Nguruka:
Mnaniwia radhi, mimi simlaumu yule kijana. Kaka yangu alileweshwa safarini kwa juisi, tulimkuta hospitali hajui jina lake, pesa yote ya ng'ombe imeenda. Kama wa kumpigia kelele angekuwepo siku ile tungemshukuru mpaka leo. Dada pole sana, ulionewa kweli, ila kwenye treni kikombe hapana.

DadaWaReli:
Nakuelewa kaka. Kelele ningezisamehe siku ile ile. Kushuka kimya kimya ndo sijasahau.

NesiKatubuka:
Niongeze la kazini kwangu. Mama mzazi akikwambia hana nguvu usimpe unga, mwambie aende kliniki wapime damu, inaweza kuwa upungufu wa damu na hilo sio la kuuziana kwenye siti ya treni. Pia mjue bidhaa zenu ziko chini ya nani. Tangu 2019 vyakula na vipodozi vinasimamiwa na TBS, lile shirika la viwango, TMDA ambayo ndo ile TFDA ya zamani imebaki na dawa na vifaa tiba. Mteja akiuliza imesajiliwa wapi uwe na jibu mdomoni, sio kuanza kumpigia kiongozi wako simu. Na kama cream ina zebaki au haidrokwinoni hiyo imepigwa marufuku, hata uongee vizuri namna gani usiiuze. Na tafadhali acheni kusema inatibu kisukari.

BintiBangwe:
Hapo kwenye kisukari umenigusa. Nimewahi kukaa kwenye kikao mtu anasimama anashuhudia baba yake kaacha dawa za hospitali kwa sababu ya majani ya kampuni na watu wanapiga makofi. Nilitoka nje. Nauza sabuni, nasema ni sabuni.

CoachWaFursa:
Wachache wanaharibu sifa ya wengi. Ila NesiKatubuka yuko sahihi.

MhaOrijino:
Coach leo umekubali kitu, nimefurahi.

Mama_Upatu2009:
Mnajua kwa nini watu wanahama benchi? Ule upatu wa DECI ulioanguka 2009, unapanda pesa unaambiwa utavuna zaidi. Mama yangu alipanda mara ya kwanza akavuna, akarudisha yote na ya kikundi juu yake, akaambiwa akaunti zimesimamishwa na mavuno ndo yameishia hapo. Toka hapo akisikia neno fursa anabeba khanga yake anaondoka. Kwa hiyo nikimkuta mtu nasema mapema kabisa, "dada nauza sufuria, pesa yako unaondoka na sufuria leo leo." Sitaji kuingiza watu, sitaji timu. Akitumia akaipenda akauliza mwenyewe nafanyaje ndo namweleza, na namwambia ukweli kwamba faida iko kwenye kuuza sufuria. Kampuni ambayo hela inatokana na kuingiza watu kuliko mzigo mimi siigusi.

MjukuuWaCheyo:
Sasa mimi nimesema subiri uulizwe, wewe unasema taja mapema, binti wa watu afuate lipi?

Mama_Upatu2009:
Afuate langu.

MwalimuMstaafu_Ujiji:
Shikamooni mnaonizidi, wengine marahaba. Hii ya kuonjesha sio ya jana. Kampuni ya Avon huko Marekani ilianza 1886, mwanzilishi wake McConnell alikuwa muuza vitabu wa nyumba kwa nyumba, akawa anawapa akina mama manukato kidogo bure ili wamkaribishe, akaona manukato yanapendwa kuliko vitabu, akaacha vitabu. Wauzaji wake wengi walikuwa wanawake wanaoenda kwa majirani zao. Angalieni hapo, kwa MAJIRANI. Dada wa treni alikuwa na zawadi nzuri ila jirani hakuwepo, mpaka yule bibi alipojifanya jirani.

MamaGungu:
Mwalimu umeeleza vizuri. Ndo maana mimi naanzia kikoba. Nikihamia mtaa mpya siuzi kitu kwanza, naingia kikoba, naenda misiba, napika, naosha sufuria za watu. Kwenye msiba usitaje bidhaa hata ukiulizwa, sema tutaongea. Wao wenyewe wanakuja kukugongea.

Kijana_Masanga:
Na sisi wanaume? Nauza manukato na losheni, nikimsalimia dada pale stendi ya Masanga anadhani namtongoza, nikimsalimia mke wa mtu ndo kabisa. Juzi kuna jamaa kaniuliza "unamnusisha nini mke wangu?" Nimejieleza mpaka koo limekauka.

Kibirizi_Boy:
Vaa pete.

MhaOrijino:
Pete haisaidii. Tembea na mkeo, yeye aongee wewe beba begi.

MamaGungu:
Anza na wamama wakubwa, unatoa shikamoo yako vizuri unainama kidogo, yule mama akikukubali anaita wasichana mwenyewe, "njooni mumuone kijana wangu". Hapo hakuna mume atakayekuuliza.

Kijana_Masanga:
Hii ya mama nimeichukua. Mke sina.

CoachWaFursa:
Na usimpulizie mtu mkononi kabla hajakubali, mpe kikaratasi anuse mwenyewe. Hii naisema kwa moyo kabisa, wengi wanaharibu hapo.

Mama_Upatu2009:
Coach hilo la leo zuri.

Urambo_Mpya:
Nimechelewa naona. Niulize kitu, mtu mmeongea vizuri, kachukua namba, kasema "nitakutafuta", kimya. Unamfuata baada ya muda gani?

CoachWaFursa:
Kesho yake asubuhi. Ukichelewa amesahau jina lako.

MamaGungu:
Kesho yake anaona unamdai. Wiki ipite, mpigie msalimie tu, usitaje bidhaa, uliza mtoto kapona mafua.

MjukuuWaCheyo:
We uko Urambo, subiri masoko ya tumbaku yafunguliwe wakulima walipwe, kipindi hicho simu zinaita zenyewe. Sasa hivi mwenzio anawaza mbolea.

Urambo_Mpya:
Huyu sio mkulima, ni mwalimu.

MjukuuWaCheyo:
Basi tarehe za mshahara.