Naomba ushauri: mtu wa mashoto, nitangulize mguu upi?

Wakuu, poleni na majukumu. Nipo Kirumba hapa Mwanza, najifua ngumi jioni nikitoka kubeba dagaa Mwaloni. Mimi ni mtu wa mashoto, ila kocha anataka nitangulize mguu wa kushoto kama wengine. Eti mkono wenye nguvu ukiwa mbele, jebu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) na huki (ngumi ya kuzungusha toka pembeni) zinakuwa nzito. Bondia Oscar De La Hoya ni shoto na alisimama hivyo hivyo, kwa hiyo simbishii sana.

Shida ni gadi, yaani mikono ya kukinga uso. Nikirusha jebu inatua vizuri, lakini mkono wa kulia unaachia shavu na kushuka mpaka kifuani, nakula huki papo hapo. Nikitanguliza mguu wa kulia, mkono wa nyuma unatulia kidevuni wenyewe, na konde la kushoto linaanzia kisiginoni, nyonga inazunguka, gunia linalia haswa! Ila huko tunakanyagana, na mguu wangu ukibaki ndani ya wa mwenzangu ananipata na ngumi ya kulia.

Mliowahi kupanda ulingoni, ning'ang'anie upande upi? Na zoezi gani linafundisha mkono wa nyuma usishuke? Kuna jamaa kasema nibane kitambaa kati ya glavu na kidevu, sijui ananitania.