Mashine ya mifumo mitatu inaingia Windows moja kwa moja, menyu ya GRUB haionekani. Msaada wakuu

Mchoraji_Mwenge
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine kubwa ya ofisini, mtumba wa Kariakoo, ina mifumo mitatu: Windows 10 kwa ajili ya AutoCAD, Ubuntu 22.04 ambako narenda kwa Blender, na Fedora anayojifunzia mdogo wangu. Siku zote ikiwaka inaleta menyu ya GRUB, unachagua unakotaka. Wikiendi umeme ulikatika muda mrefu. Leo nimewasha, inaingia Windows moja kwa moja, menyu hakuna, na saa inasoma mwaka 2018. Fundi wa jirani anasema dawa ni kupiga Windows upya na kufuta diski zote. Kazi ya mteja wa Kigamboni imo kwenye Ubuntu, siko tayari kuipoteza. Naombeni mwongozo.

Bodi_na_Waya
Mkuu, usiruhusu mtu apige kitu chochote. Hiyo saa imeshakwambia ugonjwa: betri ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa. Umeme ukiwepo huoni tatizo, ukikatika mipangilio ya Bios (programu ya mazabodi inayowasha mashine) inarudi ya kiwandani, na kwenye baadhi ya mashine majina ya mifumo yanafutika pamoja nayo. Windows inaonekana kwa sababu Bios huitafuta yenyewe. Bonyeza F12 wakati wa kuwasha, utuambie unaona nini.

Mchoraji_Mwenge
Naona Windows Boot Manager na jina la diski, basi. Ubuntu na Fedora hazipo.

Dada_Terminali
Basi mafaili yako yapo salama kaka. Nyumba imesimama, kibao cha barabarani ndicho kimeng'olewa. Anza na betri, la sivyo utarekebisha leo na umeme ukikatika tena unarudi palepale. Ni CR2032, ya volti 3. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza chaji, ndipo uitoe.

Lakini kabla hujagusa Bios, ingia Windows uangalie kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa. Kama imewashwa, hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi unakuwa kwenye akaunti ya Microsoft. Ukibadilisha Secure Boot, ulinzi wa Bios unaokagua kinachowashwa, BitLocker inaweza kukudai ufunguo huo, na usipokuwa nao hapo ndipo data zinapotea kweli.

Ukimaliza, washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua Try Ubuntu, fungua terminali uandike hizi mbili; ya kwanza inaorodhesha diski na patisheni zake, ya pili inaonyesha mifumo ambayo Bios inaikumbuka:

lsblk -f
sudo efibootmgr

Kijana_wa_Sinza
Kwa nini asitumie Boot-Repair tu, ile programu ya kurekebisha GRUB? Inamaliza yenyewe.

Dada_Terminali
Kwa mwenye Linux moja sawa. Huyu anazo mbili, na programu hiyo inaweza kuandika upya vitu ambavyo havijaharibika. Kilichopotea ni mistari miwili, tuirudishe hiyo tu.

Mchoraji_Mwenge
Betri nimebadilisha, BitLocker haijawashwa. Ila efibootmgr inajibu: "EFI variables are not supported on this system". Mashine haina UEFI, ule mtindo mpya wa Bios?

Bodi_na_Waya
Inayo. Flashi ndiyo imewaka kwa njia ya zamani, Legacy. Zima, bonyeza F12, flashi itaonekana mara mbili: chagua mstari unaoanza na UEFI. Ukiingia andika ls /sys/firmware/efi; ikileta orodha, umefika.

Mchoraji_Mwenge
Imekubali. Patisheni ya vfat, inayokaa mafaili ya kuwashia mifumo, ni nvme0n1p1.

Dada_Terminali
Vizuri. Ichungulie kwanza:

sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt
ls /mnt/EFI

Ukiona fedora na ubuntu pembeni ya Microsoft, andika:

sudo efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L Fedora -l '\EFI\fedora\shimx64.efi'
sudo efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L Ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'

Ubuntu iwe ya mwisho, maana inayoandikwa mwisho ndiyo inayokaa mbele. Hizo alama za nukuu usiziache.

Mchoraji_Mwenge
Menyu imerudi na mifumo yote mitatu! Nimefungua michoro ya mteja, imekamilika. Dada na mkuu, Mungu awabariki sana. Kimebaki kimoja: nikitoka Ubuntu nikaingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu.

Bodi_na_Waya
Linux inaweka saa ya mazabodi kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa Dar, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Ubuntu, na kwenye Fedora pia, ili nazo zitumie saa ya hapa. Halafu siku GRUB ikijiapdeti na Windows ikitoweka kwenye menyu, usishtuke: kuanzia toleo la 2.06 haitafuti mifumo mingine hadi uiruhusu. Weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false ndani ya /etc/default/grub ya Ubuntu, kisha sudo update-grub.