Mrejesho: chokaa kwenye vali ya moyo ya mama

Niliwauliza kama chokaa iliyoonekana kwenye vali ya aota ya mama (mlango wa kutolea damu kwenye moyo), alipopigwa eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) hapa Dodoma, inaashiria kuziba kwa mishipa inayolisha moyo. Daktari alituonyesha kwenye skrini kingo nene, nyeupe, ingawa vali bado inafunguka vizuri, akaeleza kuwa hilo si uthibitisho bali ni onyo la kuzingatiwa, kwa sababu shinikizo la damu, kisukari, lehemu na sigara huharibu vali na mishipa kwa namna inayofanana. Kipimo cha CT (picha za eksirei za kompyuta) kikatoa alama zaidi ya 400 za Agatston, yaani kipimo cha wingi wa chokaa kwenye mishipa ya moyo, kiwango kikubwa kwa kweli. Mama ameanza statini, dawa ya kushusha lehemu, na kwa kuwa kifua humbana akipanda ngazi, atafanyiwa angiografia, yaani picha za mishipa ya moyo baada ya kuchomwa dawa ya rangi.