"TRENI IMEPOTEA NJIA": hivi yule jaji wetu wa modeli za meli amewahi hata kufika bandari ya Port Bell?

Fundi_wa_Luzira (mwanzisha uzi)

Wakuu, natoka kwenye mashindano ya modeli za meli, naandika nikiwa ndani ya taksi, boksi liko mapajani, dohani iko mfukoni mwa shati. Ndiyo, dohani, bomba la moshi. Ya meli yangu. Mfukoni.

Simtaji mtu. Ni yule yule. Wa kofia ya kapteni, ambaye hajawahi kuwa kapteni wa kitu chochote kinachoelea, hata bakuli la plastiki. Kama umewahi kupeleka modeli mezani kwake unamjua, na kama hujapeleka, Mungu anakupenda.

Miezi 14 natengeneza Kaawa, ile meli yetu ya Ziwa Victoria. Si ya kununua, ni plywood, kadibodi na vijiti vya muchomo nilivyookota mpaka muuza nyama akadhani nina kichaa. Kipimo moja kwa mia. Reli zetu za mkoloni upana wake ni mita 1 kamili, kwa hiyo kwenye sitaha yangu ni milimita 10. Si 9, si 11. Mataruma ya kulalia reli nimeyalaza moja moja kwa kibano, usiku, umeme ukikatika naendelea na tochi ya simu mdomoni. Mama watoto aliniuliza kama nimeoa.

Basi leo jaji anafika mezani. Anainama. Ananyanyua meli KWA DOHANI, anaichungulia chini kama anayenunua kuku, anairudisha mezani, anaweka kidole juu ya reli zangu, halafu anawageukia watu:

"Na hii je? Treni imepotea njia?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mpaka kijana wa soda. Mpaka mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, naapa, nilimwona.

Treni imepotea njia! Ile ni meli ya mabehewa! Behewa linatoka reli ya nchi kavu na mzigo wake ndani, linasukumwa moja kwa moja hadi kwenye sitaha, linavuka ziwa, linashuka kwenye reli nyingine Mwanza au Kisumu, hakuna gunia hata moja lililobebwa kichwani. Reli ndiyo kazi yake! Na ipo hapa hapa nyumbani, si mambo ya kusimuliwa. Akaniandikia kwa kalamu nyekundu, "amechanganya vyombo", maksi zikakatwa.

Mnajua kombe limekwenda wapi? Titanic. Ya plastiki, ya boksi, ina taa za kuwaka na kuzima kama duka la simu wakati wa Krismasi, na moshi wa pamba kwenye dohani zote nne. ZOTE NNE! Ile ya nne haikuwa na boila chini yake, ilikuwa ya kupitisha hewa, hili wanalijua hata wasioijua meli. Jaji akaandika "uhalisia wa hali ya juu".

Na yangu, treni imepotea njia.

Mimi nimeacha. Zana zote nauza. Nimemaliza.

---

Kyokka_Wewe

Povu hilo mkuu, linatosha kufua nguo za mtaa mzima.

---

Boda_wa_Majini

Uzi bila picha ni chai. Leta picha ya dohani mfukoni.

---

Fundi_wa_Luzira

@Boda_wa_Majini kicheko kinakusaidia nini. Nakwambia aliishika KWA DOHANI. Mtu mzima. Mikono miwili anayo.

---

Nyanza_Kubwa (Kisumu)

Pole ndugu yangu. Lakini kumbuka 2005 Kaawa iligongana na meli mwenzake Kabalega, Kabalega ikaenda chini. Hii yako imegongana na jaji na jaji bado anaelea. Imekosa nguvu za mama yake.

---

Kyokka_Wewe

😂😂 Nyanza_Kubwa umeua. Uzi ufungwe.

---

Mtu_wa_Kanuni

Samahani, naingia na mambo ya maana kidogo. Tatizo si jaji, tatizo ni meza moja. Kule Ulaya NAVIGA, shirikisho la watu wa modeli za meli, wamegawa zamani: C1 ni vyombo vya makasia na tanga, C2 vya injini, C4 vile vidogo vya 1:250 kushuka chini, C5 meli za ndani ya chupa, C6 plastiki za boksi, C7 karatasi. Kwa mpango huo Kaawa ya plywood na Titanic ya plastiki hazikutani hata chooni. Pia hawakushindanishi na jirani yako, kila modeli inapimwa kwa alama zake, meza moja inaweza kutoa dhahabu tatu au isitoe hata moja. Na unapeleka michoro na picha za meli yenyewe, jaji analinganisha. Muzee, ulipeleka michoro?

---

Fundi_wa_Luzira

@Mtu_wa_Kanuni nilipeleka picha 11. Alizitumia kupepea. Kulikuwa na joto.

---

Nnyabo_wa_Mtumbwi (Kalangala)

Bambi pole ssebo, lakini wewe angalau ulicheckiwa kwenye meza ya meli. Mimi mwaka jana nilipeleka mtumbwi wa Ssese, ule wa asili, mbao zimeshonwa kwa nyuzi, hakuna msumari hata mmoja, mkuku, ule mti wa chini, umechomoza mbele na pembe juu yake kama inavyotakiwa. Kushona tu wiki sita, vidole vyote vilikuwa na plasta. Yule yule wa kofia akapita, akasema "vizuri sana mama", AKAUHAMISHIA KWENYE MEZA YA VIKAPU. Nikashindana na vikapu! Na nikawa wa tatu! Kwenye vikapu!

---

Boda_wa_Majini

Wa tatu kwenye vikapu ni heshima nnyabo, wale akina mama wa vikapu hawana mchezo.

---

Fundi_wa_Luzira

@Nnyabo_wa_Mtumbwi nakuonea huruma lakini kwako hakushika dohani.

---

Nnyabo_wa_Mtumbwi

Mtumbwi una dohani???

---

Mwana_Kigoma

Naona mnalia kwa mambo madogo. Mimi modeli yangu ni Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Meli imejengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande ikaja kwenye makasha, ikaunganishwa Kigoma, 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe, 1924 ikaibuliwa, ikafanya kazi tena miaka na miaka. Meli ya namna hiyo utaipaka rangi mpya? Nikaipaka kutu. Kutu ya kitaalamu, tabaka nne, na michirizi ya maji chini ya kila tundu la nanga. Jaji mmoja (si huyo wenu, huku tuna wetu) akaniambia: "Kazi nzuri kijana, ila safari nyingine ioshe kwanza."

IOSHE.

Na meli ya mita 71 kwa moja kwa mia ni sentimita 71, kwenye basi kondakta alinidai nauli ya kiti. Nikalipa. Liemba ilikaa dirishani, mimi nikasimama.

---

Kyokka_Wewe

Liemba dirishani 😂 Mimi naona huyu apewe kombe la malalamiko, Fundi wa Luzira awe wa pili.

---

Fundi_wa_Luzira

Hata hapa napewa wa pili??

---

Mpwani_Halisi (Unguja)

Nimepita tu. Sijui modeli lakini lugha naijua. Huyo jaji wenu kacheka reli ndani ya meli, na nyinyi mmecheka naye, hamjui mnachokisema. Taruma ni mbao ya ubavuni mwa chombo, ndiyo inayokishika jahazi lisifumuke. Reli ilipokuja na magogo yake ya kulalia, watu wakalitazama, wakasema haya si mataruma haya? Jina likatoka baharini likapanda treni. Kwa hiyo mataruma kuwa ndani ya meli ni mtu kurudi kwao. Treni haikupotea njia hata kidogo.

---

Nyanza_Kubwa

Wueh. Huyo ametoka wapi na amekaa wapi siku zote.

---

Fundi_wa_Luzira

@Mpwani_Halisi NDUGU YANGU. Ungekuwa pale! Ungekuwa pale ukasema hayo na kidole chake bado kiko juu ya reli zangu!

---

Mpwani_Halisi

Ningekuwa pale ningekusahihisha na wewe pia, hapo juu kuna mtu kaandika "ulicheckiwa". Huko Uganda Kiswahili mnakifanya nini?

---

Nnyabo_wa_Mtumbwi

Ni mimi niliandika na sijutii. Si nyinyi mliosema Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikafia Kenya, kikazikwa Uganda? Sasa maiti mnamdai sarufi.

---

Nyanza_Kubwa

Kwani Kenya tumeingiaje hapa, mimi nilikuja kutoa pole.

---

Boda_wa_Majini

Kaburini kwenyewe huku watoto wanafundishwa shuleni siku hizi. Mpwani njoo utufundishe, tutakulipa kwa matooke.

---

Mpwani_Halisi

Ndizi mbichi za kuponda? Ahsante, nimeshiba.

---

Kyokka_Wewe

AMESEMA NINI KUHUSU MATOOKE

---

*(Machapisho 23 kuhusu matooke yamehamishiwa kwenye uzi wake.)*

---

Mtu_wa_Kanuni

Narudi kwenye dohani. Muzee usinikasirikie, jaji hatakiwi kugusa, wenzetu wa plastiki huinama na tochi ndogo na mikono iko nyuma. Hilo liko wazi. Lakini dohani inayong'oka kwa kunyanyuliwa mara moja, uliibandika kwa nini?

---

Fundi_wa_Luzira

Supa glu.

---

Mtu_wa_Kanuni

Aaa.

---

Mwana_Kigoma

AAA.

---

Nnyabo_wa_Mtumbwi

Supa glu kwenye plywood muzee? Mimi nashona kwa nyuzi na wangu haujang'oka kitu.

---

Mtu_wa_Kanuni

Supa glu ni nzuri kwa kushikilia haraka, lakini ikikauka inakuwa kama kioo, ukiipiga kwa ubavu inaachia. Tena inaacha ukungu mweupe pembeni ya rangi. Kitu kilichosimama peke yake kama dohani au mlingoti unatoboa tundu chini, unapitisha kipande cha waya, nusu ndani ya sitaha nusu ndani ya dohani, halafu gundi ya mbao. Hapo jaji akinyanyua, inakuja meli yote.

---

Fundi_wa_Luzira

Sasa tatizo limekuwa gundi yangu? Mtu ameshika KWA DOHANI mbele ya watu sabini, akasema treni imep

---

Boda_wa_Majini

...otea njia. Tumesikia muzee. Waya wa unene gani @Mtu_wa_Kanuni? Nina boti ya polisi hapa, mlingoti wake unalala kila nikifunga mlango.

---

Mtu_wa_Kanuni

Milimita 1 inatosha. Waya wa spoku ya baiskeli ni mgumu zaidi lakini kuukata ni kazi.

---

Mwana_Kigoma

Mimi natumia klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Gundi ya mbao uifunge usiku mzima, usiguse.

---

Nyanza_Kubwa

Klipu inapata kutu ikikutana na gundi ya maji, ipake rangi kwanza. Au kama uko Kigoma, iache, useme ni ya kitaalamu.

---

Mwana_Kigoma

😂 Nimekuelewa Kisumu. Tutaonana.

---

Boda_wa_Majini

@Fundi_wa_Luzira zile zana unauza, kibano ni bei gani?

---

Fundi_wa_Luzira

Kibano hapana. Kesho nabandika dohani.

---

Boda_wa_Majini

Na msasa?

---

Fundi_wa_Luzira

Msasa njoo uchukue bure, ninao mwingi. Njoo na spoku.

---

Nnyabo_wa_Mtumbwi

Kuna anayekwenda Ndeeba Jumamosi? Nataka plywood ya milimita 3, nusu shiti tu, wale jamaa hawakubali kukatia mtu mmoja.

---

Kyokka_Wewe

Naenda. Na mimi nachukua nusu. Naanza Titanic.