Chumvi ya Danakil imetoka wapi wakati bahari iko mbali?

Mkwangua Chumvi
Habari zenu wakuu. Mi niko huku Mkinga, Tanga, kazi yetu chumvi ya jua. Bamvua likija, yani maji makubwa ya bahari, tunafungulia maji yaingie, tunayahamisha jaruba hili kwenda lile mpaka yakolee, halafu unaona utando juu, chembe zinaanza kushuka chini, hapo unajua kukwangua kumekaribia. Sasa kuna video inazunguka ya Danakil kule Ethiopia, jamaa wanabandua chumvi ardhini kwa magongo, wanaichonga mapande, wanapakia ngamia. Bahari haionekani hata kwa mbali. Imetoka wapi ile, na je itaisha? Na lile eneo lina wenyewe au kila mtu anajikatia tu?

Mwalimu wa Jiografia
Mkuu ile ni chumvi ya bahari hiyohiyo. Bonde lile liko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, limeshuka kwa sababu ardhi ya pale inachanika, mabamba, yani mapande makubwa ya ganda la dunia, yanaachana: bamba la Arabuni linaenda kwake, la Nubia kwake, la Somalia kwake. Zamani Bahari ya Shamu iliingia humo, na si mara moja, baadae njia ikaziba kwa volkeno na ardhi kuinuka, maji yakabaki yamefungiwa na jua likayamaliza. Yani kazi ileile ya kwako, ila mlango aliufunga Mungu. Tabaka za chumvi pale zinazidi kilomita moja kwenda chini! Na Dallol, humohumo bondeni, joto la wastani kwa mwaka mzima ni kama nyuzi 34. Maji ya mvua yakishuka kutoka milimani yanatandaa juu ya chumvi, yanaiyeyusha kidogo, yakikauka ganda linarudi jipya. Kwa hiyo kuisha leo au kesho sahau.

Binti Pangani
Naongezea kwa Mwalimu. Angalieni na Ziwa Assal, Djibouti, mita 155 chini ya usawa wa bahari, hakuna pa chini kama pale Afrika nzima. Pale bahari bado inaingia mpaka leo, inapenya kwenye nyufa za mawe ya volkeno. Na huko kuchanika hakujaisha, mwaka 2005 kule Dabbahu, kwenye volkeno ya Afar, jimbo la Ethiopia lenye hiyo Danakil, uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka ulijipenyeza chini ya ardhi na ufa wa kama kilomita 60 ukafunguka ndani ya wiki chache tu.

Dereva wa Masafa
Hilo la wenyewe ngoja niseme mimi maana linaniuma. Ni nchi ya Waafar ile, wafugaji, kila ukoo unajua malisho yake na visima vyake, na mapande ya chumvi yenyewe yaliwahi kuwa pesa Ethiopia, unanunulia vitu. Watu wakiona jangwa wanasema halina mtu. Tazama mto Awash, unashuka kutoka nyanda za juu unaingia Afar unaishia Ziwa Abbe, baharini haufiki. Kingo zake ndo mifugo ilikuwa inaponea kiangazi, kuanzia miaka ya 60 yakaingia mashamba makubwa ya pamba na miwa palepale penye maji, mfugaji akasukumwa kwenye mawe. Baadae ukaletwa mti ule Wakenya wanauita mathenge, eti uzuie jangwa, sasa umefunga malisho, miiba mitupu, nyasi chini yake hakuna.

Mkwangua Chumvi
Aisee, Mungu awabariki. Sasa ile ya mapande madini joto wanawekaje?

Dereva wa Masafa
Yale mapande mengi wanalambisha mifugo. Chumvi ya kula ya Ethiopia sehemu kubwa inatoka Ziwa Afdera, hukohuko Afar, wanavuta maji ya ziwa kwa pampu wanayamwaga kwenye majaruba yanakaushwa na jua. Madini joto yanawekwa kwenye hiyo.