Majirani Forest ya Zamani: okestra Jumamosi

*Jumatano jioni*

Mwalimu wa Muziki: Majirani, habari za jioni. Jumamosi saa nane mchana okestra yetu ya mtaa inapiga pale ukumbini. Kiingilio hakuna. Leteni watoto wote, hata wa kubebwa mgongoni. Wavae masweta, mnaijua baridi ya Juni hapa Mbeya.

Mama Pacha: Asante Mwalimu. Ila mimi naogopa. Mwaka jana nilienda nao kwenye tamasha moja, wakaanza kuuliza maswali, mhudumu akatutoa nje mbele za watu. Nililia njia nzima.

Mwalimu wa Muziki: Pole sana dada yangu. Kwetu hakuna wa kumtoa mtoto. Mbele tunatandika mikeka, mlango wa nyuma unabaki wazi, ukitaka kutoka unatoka na kurudi. Nimewaambia wapigaji wote: mtoto akiuliza "kile nini?" hicho ndicho tulichomwitia.

Baba wa Dukani: Muziki wenyewe upi? Wangu wamezoea singeli.

Mwalimu wa Muziki: Hadithi ya Petro na mbwa mwitu. Aliitunga Mrusi, Sergei Prokofiev, mwaka 1936, kwa ajili ya watoto hasa, ili wavijue vyombo. Kila mhusika ana chombo chake. Ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, vyote vya kupuliza. Babu ni fagoti, sauti nene ya kunung'unika. Petro ni fidla na ndugu zake wote wa nyuzi. Bunduki za wawindaji ni ngoma. Mbwa mwitu ni honi tatu. Sisi tunazo mbili, ya tatu itajazwa na tromboni ya kijana wetu wa tarumbeta za kanisani. Nusu saa hivi, na msimulizi anasimulia kwa Kiswahili.

Babu wa Kona: Hapo kwa mbwa mwitu mngeweka fisi. Watoto wa huku fisi wanamjua.

Mwalimu wa Muziki: Shikamoo babu. Tulilijadili hilo. Fisi wa hadithi zetu ni mlafi, watoto wanamcheka. Huyu lazima aogopwe. Honi zikilia pamoja utawaona wanavyosogeleana.

Babu wa Kona: Marahaba. Basi abaki.

Muuguzi: Babu, kuna na jambo lako. Mimi ndiye mpiga obo. Hii obo yangu ni mpingo, na klarineti pia. Vyombo hivi huko duniani vinachongwa kwa mpingo, na mpingo wenyewe wanauchukua kwetu na Msumbiji.

Babu wa Kona: Mpingo? Mimi nimechonga mpingo Lindi miaka mingi kabla sijarudi nyumbani! Mti mzito ule, ukiutupa majini unazama. Unakua taratibu, miaka 70 na zaidi ndipo upate gogo la maana. Nje una utepe wa rangi ya maziwa, ndani mweusi tii. Miaka yote ile sikujua kuwa unakwenda kuimba. Nataka niushike.

Muuguzi: Utaushika babu. Njoo mapema, kabla sijatoa nota ya La. Obo ndiyo inayotoa ile nota, wengine wote wanakaza vyombo vyao kuifuata.

Babu wa Kona: Ndaga fijo mwanangu.

*Jumamosi usiku*

Mama Pacha: Majirani, ndiyo naingia ndani, hata viatu sijavua. Kulwa alikaa mbele kabisa. Walipomaliza, mpiga besi kubwa akamwita, akamwekea kiganja kwenye ubao wa chombo, akavuta upinde. Mtoto akautoa mkono haraka. Akaurudisha. Halafu akaweka na shavu, akafumba macho, akatulia hivyo hivyo mpaka sauti ikaisha. Doto yeye alipiga kelele bata alipomezwa. Nikainuka nitoke naye, nikaangalia huku na huku, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nikakaa. Mama wa pembeni akamfunika kitenge chake.

Baba wa Dukani: Wangu wanagombania nani awe klarineti. Ufagio hauna kazi nyingine humu ndani.

Babu wa Kona: Nimeushika. Una joto la mikono ya mtu.

Mama Pacha: Sasa Mwalimu, Doto hataki kulala. Anauliza bata ametoka tumboni au bado yumo.

Mwalimu wa Muziki: Bado yumo, hadithi inaishia hapo. Ila ni mzima, alimezwa bila kutafunwa. Ndiyo maana mwishoni obo ilisikika kwa mbali.

Mama Pacha: Nimemwambia. Anasema kama ni mzima aongee.

Muuguzi: Ngoja.

Muuguzi: 🎤 *ujumbe wa sauti, sekunde 14*

Mama Pacha: Kasikiliza mara tatu. Ya nne haikufika mwisho, kalala.