Naomba ushauri: rangi mbichi juu ya mbichi inageuka tope

Wakuu, naomba msaada kwenye rangi za mafuta. Akademia za sanaa za Ufaransa zilizoea turubai ya kahawia, tabaka likikauka ndipo lifuate jingine, kisha vanishi. Mchoraji Monet na wenzake wa Impressionism, walioonyesha kazi zao Paris mwaka 1874, walipendelea turubai nyeupe na rangi mbichi juu ya mbichi, yaani kupaka kabla ya rangi ya chini kukauka. Hapo ndipo pagumu: buluu ya kobalti ikikaa kando ya chungwa, brashi ikirudi mara ya pili tu, panakuwa tope la kijivu, hata bila tone la mafuta ya kitani. Je, nikamulie rangi kwenye karatasi kwanza inyonywe mafuta, kama mchoraji Degas, au kivuli cha zambarau kikauke kabla ya kupaka sehemu za mwanga? Na brashi bapa ya manyoya ya nguruwe nifute kila mpako?